Mbio za baiskeli za injini: tupime cc, bei au hewa?

Mwanzisha mada, Umoja
Wadau, niwaeleze yaliyotokea Jumapili ili wasiokuwepo wasije wakalishwa uvumi. Tulikuwa baiskeli kumi na moja kwenye murram, na sheria yetu ya injini ni moja tu: ujazo wa silinda usizidi cc 80. Kijana aliyeshinda alituacha nusu mzunguko. Kelele zikaanza, injini ikafunguliwa palepale juu ya gunia. Vernia, kile kipimo cha milimita, ikasoma upana wa silinda milimita 47, mwendo wa pistoni 40. Piga hesabu mwenyewe: cc 69 na ushee. Ile "80" iliyochapwa kwenye boksi ni maneno ya muuzaji tu. Kijana yuko ndani ya sheria, tena kwa mbali.

Ila tulipomulika tochi ndani tukanyamaza. Tundu la kutolea moshi limepandishwa kwa faili na kung'arishwa mpaka unajiona. Hedi, kile kifuniko cha silinda, imesuguliwa ikapungua. Silensa ni ile ya tumbo, imechomelewa vipande vipande kwa mkono. Katika hayo yote hakuna linaloongeza hata cc moja, na yote yanaongeza mbio. Basi tunapima nini?

Ninapendekeza bamba: kipande cha chuma kati ya silinda na kabureta, hewa na petroli zinapochanganywa, chenye tundu la milimita 12, kwa kila baiskeli. Chonga utakavyo, injini haichomi petroli bila hewa. Si mambo mapya. Magari ya WRC, ubingwa wa dunia wa rali, tunayoyakimbilia Naivasha wakati wa Safari Rally hubanwa hewa vivyo hivyo kwenye turbo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, na mwaka 2017 tundu lao liliwekwa milimita 36. Sisi washa moja, ile pete bapa ya chuma, kutoka kwa fundi wa kuchonga vyuma inatosha.

Fundi, Kariobangi Light
Hiyo silinda imechongewa kwangu, kwa hiyo nina haki ya kusema. Kijana alikuja na injini iliyokufa, pistoni imekwama kwa sababu mwenyewe wa kwanza alisahau kuchanganya oili. Aliinunua kwa bei ya chuma chakavu. Wiki tatu, kila jioni, amekaa kwenye kona yangu na faili. Nilimwonyesha mara moja, mengine akajifunza kwa kuharibu. Sasa mnataka kumziba pumzi kwa sababu ametia bidii kuliko nyinyi? Huyu hana kitu ila mikono, na bamba linamnyima hicho hicho.

Kama tatizo ni pesa, tupime pesa. Kuna mbio ndogo za magari Marekani zenye sheria hii: ukishinda, mshindani anaweza kununua injini yako kwa bei iliyopangwa, na ukikataa unaadhibiwa. Sisi tuseme elfu kumi na tano. Atakayemwaga elfu sitini kwenye injini ajue ataiaga kwa kumi na tano.

Dada wa Embakasi
Fundi, hebu ifuate sheria yako hadi mwisho. Kijana ameshinda. Mwenye pesa anahesabu kumi na tano mkononi, anaondoka na wiki tatu za jasho la mtu. Jumapili inayofuata kijana yuko kando ya uwanja anashika chupa za maji. Umemlinda au umemuuza?

Fundi, Kariobangi Light
Hapo umenibana, sikatai. Lakini atachonga nyingine, na ya pili itakuwa nzuri kuliko ya kwanza. Aliyenunua akiikwamisha hajui hata pa kuanzia.

Wa Rongai
Mnabishana kama vile injini zote ni za kuchanganya oili. Yangu ni ya mipigo minne, cc 49, niliitoa kwenye pampu ya maji. Zenu, za mipigo miwili, zinawaka kila mzunguko wa injini, yangu inawaka kila mizunguko miwili. Kwa cc sawa nimeshindwa kabla ya kuvuta kamba. Kwenye motocross, zile mbio za pikipiki za matopeni, wameliona hilo kitambo, ndiyo maana 250 ya mipigo minne hukimbizana na 125 ya mipigo miwili. Nipeni nafasi hiyo.

Mwanzisha mada, Umoja
Ndugu, nafasi kiasi gani? Mwaka 2002 MotoGP, ubingwa wa dunia wa pikipiki, waliruhusu mipigo minne ya cc 990 ishindane na mipigo miwili ya cc 500. Mwendeshaji Valentino Rossi akachukua ubingwa na Honda ya 990, na hizo 500 hazikukaa sana. Ukikosea uwiano umewafukuza wenzako. Bamba halihitaji uwiano huo. Injini yako ya pampu inavuta hewa kidogo, tundu la 12 haitalisikia sana. Zetu ndizo zitakazokohoa.

Wa Mombasa
Mimi nilikuwa wa mwisho na sijasikia mtu akinitetea. Jeti yangu, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, ni ya pwani. Huko kwenu Nairobi juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya kwetu kwa takriban moja ya sita, petroli inazidi. Nimefungua plagi, nyeusi kama sufuria ya mkaa. Sheria yoyote mtakayoweka, mgeni apewe asubuhi ya kubadilisha jeti kabla ya mbio.

Mama wa mshiriki, Dandora
Samahani, wanangu, injini siijui. Naijua ile baiskeli ya Black Mamba ya kijana wangu kwa sababu ilikuwa ya babake. Breki ni zile za fimbo. Nilipoigeuza Jumatatu nikakuta mpira umeisha, chuma kinakwaruza rimu. Hivyo ndivyo alivyokimbia. Mnapima tundu la hewa kwa milimita, na breki hakuna aliyezigusa hata kwa kidole. Wa kwanza kukaguliwa awe nani?

Fundi, Kariobangi Light
Mama, shikamoo. Mlete kwangu kesho na hiyo baiskeli, sitachukua pesa. Na kwa wengine, breki zitajaribiwa: asiyesimama ndani ya mstari tutakaochora asikimbie, hata akiwa na injini ya pampu.

Dada wa Embakasi
Nakubali mstari. Na bamba litakaguliwaje? Msije mkatuletea vernia tena tukabishana nani ameishika vibaya.

Mwanzisha mada, Umoja
Biti mbili za drili. Ya 12 ipite, ya 12.5 ikwame, hata mtoto anaona. Kisha injini ikiwa inanguruma, ziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Ikizima, sawa. Ikiendelea kunguruma, inaiba hewa mahali pengine, pengine kwenye gaskiti, ile karatasi ya kuziba maungio, iliyotobolewa makusudi, na mwenyewe aende nyumbani. Ya kuuziana injini mimi siitaki, dada ameshaeleza kwa nini.

Kijana mwenyewe
Mimi ndiye wa Jumapili. Jana usiku nilifunga washa ya 12 nijaribu kabla ya kulalamika. Kwenye kona haina shida, inatoka kama kawaida. Kwenye ule mnyoosho mrefu inafika mahali inaishiwa, ni kama kuvuta uji kwa mrija. Fundi alikasirika kuniona nimeifunga. Mimi nasema tuweke 13. Biti ya 13 ninayo, ya 13.5 nani anayo?