Tupeane uzoefu: masega ya pikapu ya zamani uliyapataje?

Gia Kubwa
Wakuu, jana jamaa kaniuliza masega ya pikapu yake, kile chombo cha kwenye ekzosi cha kusafisha moshi (catalytic converter), atayapata wapi. Gari ina zaidi ya miaka 20, na wakala kamwambia spea hiyo haitengenezwi tena. Nikajikuta namweleza mpaka chai ikapoa, maana njia hiyo nimeipita. Basi naomba tuikusanye hapa. Uliyebadilisha masega kwenye pikapu kuukuu, ulifunga yapi? Taa ya injini ilizima ikabaki imezima? Waliochomelea waje, waliofunga ya mtumba pia waje.

Naanza mimi. Yangu ni petroli, silinda sita za V, kwa hiyo masega yapo pande mbili. Mashine ya kupima gari ilisoma kodi ya hitilafu P0430, yaani masega ya upande wa pili peke yake. P0420 ingekuwa upande wa kwanza. Muuzaji mmoja alitaka kuniuzia pande zote mbili. Mwingine akanitolea yanayofanana kabisa kwa macho, flanji (sahani ya kufungia bomba kwa bolti) ileile, ila tundu la sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi, limekaa juu, na kwenye gari langu pale juu kuna chuma cha chesisi. Sensa isingeingia hata kidogo. Kilichonitoa ni namba ya injini pamoja na kile kibandiko cha chini ya boneti kinachoeleza mfumo wa kusafisha moshi. Tangu hapo nikienda kuulizia natanguliza hivyo viwili, mwaka wa gari unafuata baadaye. Pikapu za mwaka mmoja zinaweza kuwa na injini mbili tofauti, na kila moja na ekzosi yake.

Spana 14
Namba ya injini kwanza. Naunga mkono.

Mvuta Mzigo
Mada hii imenirudisha mbali. Pikapu ya baba, sisi tumepakia mzigo mzito, safari ya mlima. Kabla ya kuondoka injini ilikuwa inamisi silinda moja, na fundi aliyeiangalia akasema ni koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, imechoka, nendeni tu mtabadilisha mkirudi. Gari kweli ilikuwa inatembea. Tulipoanza kupanda ikawa inazidi kuzubaa. Unakanyaga mafuta, mlio unaongezeka, gari haiendi. Ikaja harufu ya mayai viza, kali, mpaka tukafungua madirisha yote. Baba akasema tuvumilie tufike juu.

Giza limeshaingia, mdogo wangu aliyekuwa nyuma kwenye bodi akaanza kupiga kabini kwa mikono miwili. Baba akaingiza gari pembeni. Nikashuka, nikainama, na nilichokiona sijakisahau: masega yamekuwa mekundu, yanang'aa, chuma chote kuanzia flanji ya mbele. Na pale pembeni tulipoegesha ni nyasi kavu zimefika mpaka tumboni mwa gari.

Zilishika moto hatujamaliza hata kuulizana. Mdogo wangu akaruka, baba akatoa gia na breki ya mkono, tukaisukuma gari ishuke kinyumenyume mpaka kwenye lami, mzigo wote juu yake. Kisha tukarudi kuzima nyasi kwa udongo na turubai. Mikono ilitutetemeka usiku mzima.

Fundi mwingine alipoyafungua, kauri ya ndani ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa, vile vitundu vimeungana vikaziba. Akatueleza vizuri: silinda isipochoma, petroli yake inatoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Tulikuwa tumeshanunua mengine, akakataa kuyafunga mpaka koili na plagi zibadilishwe. Namheshimu mpaka leo.

Dada wa Gereji
Poleni sana kaka. Mdogo wako hakuungua?

Mvuta Mzigo
Nyusi tu dada, na suruali. Ashukuriwe Mungu.

Kando ya Lami
Breki ya mkono mliitoa gari likiwa mlimani na mzigo? Nani alikuwa kwenye usukani? Mngeweza kuteketea wote!

Mvuta Mzigo
Baba alikuwa kwenye usukani, mguu kwenye breki ya kawaida. Mwinuko pale ulikuwa mdogo. Na ungefanya nini, uiache iungue?

Kando ya Lami
Ningekuwa na mtungi wa kuzimia moto. Kila gari linatakiwa liwe nao.

Spana 14
Masega yakifanya kazi kawaida tu yanapita nyuzi joto 400. Nyasi kavu hazihitaji hata yawe mekundu. Msiegeshe kwenye nyasi, basi.

Gia Kubwa
Mkuu Mvuta Mzigo, ahsante, hiyo nimeisoma mara mbili. Ila tuambie masega yenyewe mliyapata wapi.

Mvuta Mzigo
Ya kuchomelea. Ya flanji hatukuyapata.

Moshi Mweupe
Mnahangaika bure. Mimi niliyatoboa ya kwangu nikabaki na bomba tupu, gari ikawa nyepesi. Pikapu ya zamani ya nini kuitafutia kitu hicho?

Dada wa Gereji
Kaka, gari lilikuwa zito kwa sababu masega yaliziba. Yangekuwa mapya lingekuwa jepesi vilevile. Na ulichokitoboa ndicho kilichokuwa kinageuza monoksidi ya kaboni kabla haijatoka. Pikapu kuukuu zina kutu, sakafu zina matundu, flanji zinavuja, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ukiwa na mtoto kabini usiku wa baridi, madirisha yamefungwa, hutajua kitu. Marekani kuyatoa ni kosa kisheria, na nchi nyingi nyingine gari halipiti ukaguzi.

Moshi Mweupe
Nchi nyingine hawapimi. Na sensa ya nyuma niliiwekea kipande cha kuirudisha nje kidogo, taa ikazima.

Dada wa Gereji
Umezima taa. Moshi unautoa uleule, na siku yakitokea mengine hutaambiwa. Hilo silikubali na gereji kwangu silifanyi, hata mteja aondoke.

Moshi Mweupe
Haya dada, kila mtu na gari lake.

Dada wa Gereji
Hewa ni yetu wote.

Kabureta
Ngoja niwaache mnaogombana. Wenye pikapu za kabureta mnasahaulika, na sisi ndio tunaoteseka zaidi. Yangu haina sensa ya oksijeni hata moja. Wauzaji wanakupa masega ya kisasa ya njia tatu, yale yanayoshughulikia monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kwa pamoja. Hayo yanataka mchanganyiko ukae karibu sana na uzito wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, na kabureta isiyosimamiwa na sensa haiwezi kuushikilia hapo. Magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi kwenye matoleo ya 1975, na yale ya mwanzo yalikuwa ya njia mbili, mengi yakiwa na pampu ya kuongeza hewa kwenye moshi. Kwa hiyo angalieni kama gari lenu lilikuwa na pampu na kama bado inasukuma. Pampu ikifa hewa inapungua, masega yanashindwa, halafu lawama zinamwendea muuzaji. Mimi niliyapata ya njia mbili kwa watu wanaokarabati magari ya kale. Hao waulizeni, wana vitu stoo ambavyo duka la kawaida halivijui.

Kando ya Lami
Na petroli ya risasi je? Si inaua masega?

Kabureta
Inaua, inafunika yale madini ya ndani yanayosafisha moshi, platinamu na paladiamu. Lakini hiyo vituoni imekwisha. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho, 2021. Siku hizi muuaji ni injini inayokula oili. Ringi zikichoka, fosforasi ya kwenye oili inafanya kazi ileile polepole.

Spana 14
Mtumba wa orijino ni bora kuliko jipya la bei rahisi. Ya kiwandani yana madini mengi zaidi. Mulika tochi upande mmoja, chungulia upande mwingine, uone vitundu viko wazi na havijavunjika. Yatikise. Yakilia, acha.

Dada wa Gereji
Mtumba mimi nasita. Tochi inakuonyesha kauri ni nzima, haikuonyeshi kama bado inafanya kazi. Tena mengi yamekatwa kwenye magari ya watu usiku kwa ajili ya rodiamu, madini mengine ghali ya ndani yake. Ukikuta bomba limekatwa kwa msumeno pande zote mbili na muuzaji hana maelezo, ondoka.

Spana 14
Hapo kwenye wizi umesema kweli. Yangu yaliibwa.

Fundi Kimya
Nasoma tu muda wote huu. Wanaochomelea: pimeni kipenyo cha nje cha bomba, msikadirie. Mshale uliochorwa kwenye kasha uelekee nyuma. Yakae palepale yalipokuwa ya zamani, maana mkiyasogeza nyuma sana yanachelewa kupata moto, na chini ya nyuzi joto 250 hivi hayafanyi kazi. Tundu la sensa liwe na nyuzi za skrubu za M18 kwa 1.5, ndiyo za sensa nyingi. Silikoni ya kawaida msipake kwenye flanji, mvuke wake unaharibu sensa. Na kabla ya hayo yote, tafuteni uvujaji. Nimeona P0420 nyingi zilizokwisha kwa gasketi mpya tu, kwa sababu hewa ilikuwa inaingia mbele ya sensa.

Gia Kubwa
Fundi, hiyo ya gasketi ungeisema mwanzo!

Mpanda Milima
Yangu ni dizeli. Naweza kufunga haya haya?

Fundi Kimya
Hapana. Dizeli ina moshi wenye oksijeni nyingi, masega yake ni aina nyingine. Tuma namba ya injini.

Kando ya Lami
Na wanaoagiza kutoka Marekani waangalie sanduku: kuna ya California na ya majimbo mengine. Ya California yana namba ya EO (kibali cha jimbo hilo) imechongwa kwenye kasha, na bei iko juu.

Spana 14
Ya California yanakaa zaidi?

Kando ya Lami
Yanatakiwa kupita kipimo kigumu zaidi. Ya kwangu yanaendelea vizuri, taa haijarudi.

Gia Kubwa
Nimempelekea yule jamaa maelezo yote. Kanijibu mashine inasoma P0420, na akiwasha gari asubuhi anasikia tiki-tiki karibu na manifodi, pale ekzosi inapoanzia kwenye injini, ikishapata moto inapotea.

Fundi Kimya
Huo ni uvujaji. Asinunue masega bado.