Kila kadi ya biashara ninayochora inafanana na za wengine

pambizo7
Wakuu, nahitaji kadi ya biashara ya mtu binafsi. Kazi ni kutafsiri nyaraka. Nimepitia picha kibao mtandaoni, lakini kila ninachochora kinaishia palepale: jina katikati, mstari mwembamba, vialama vya simu na barua pepe. Wazo mnalitoa wapi? Na vipimo vikoje?

WinoMkavu
Mkuu, kwanza acha kutazama kadi. Ukitazama hamsini utachora ya hamsini na moja. Tazama vitu vingine vidogo vinavyochapwa: stempu, tiketi za treni, karatasi za viberiti, lebo za dawa. Navyo vinabana maelezo mengi kwenye nafasi finyu, na kila kimoja kina ujanja wake. Kwenye tiketi namba huweza kuwa kubwa kuliko maneno yote na bado ikapendeza. Lebo ya dawa mara nyingi hutumia fonti moja tu, nene na nyembamba, na msomaji hapotei.

Kusanya picha 15 hivi. Chini ya kila moja andika ulichokipenda kwa maneno machache: "herufi imekatwa ukingoni", "pembe moja tupu". Picha ikikosa maneno, itupe, maana ulivutiwa na rangi tu. Zitakazobaki ndizo za kufanyia kazi.

Tena wewe mtafsiri malighafi unayo, ni maandishi yenyewe. Mbele lugha moja, nyuma nyingine. Au nukta-mkato moja ikuzwe hadi ijaze upande mzima. Ila upande mmoja ukiwa wa Kiarabu, pindua mpangilio wote uanzie kulia; ukibadilisha maneno peke yake, kadi itaonekana imekosewa.

Gramu350
Naongezea: penseli kabla ya kompyuta. Chora mistatili 12 ya mm 85 × 55 na ujaribu humo humo. Kwenye skrini unakuza mpaka herufi za pointi 5 zinaonekana safi, kumbe zikichapwa hazisomeki. Usishuke chini ya pointi 7, na ukimaliza chapa kwa asilimia 100, yaani ukubwa halisi, kata, uisome.

Vipimo: 85 × 55 ni vya nchi nyingi za Ulaya, Marekani ni 89 × 51, Japani 91 × 55. Ongeza mm 3 za kukatwa kila upande, kwa hiyo faili la 85 × 55 linakuwa 91 × 61. Maandishi yakae angalau mm 4 ndani ya mstari wa kukatia. Kisu huhama kidogo, ndiyo maana fremu inayozunguka ukingo ni mtego: ikisogea nusu milimita tu, upande mmoja unaonekana mnene.

Rangi ziwe CMYK, yaani wino nne za kuchapia: samawati, majenta, njano na nyeusi (K). Kijani na buluu kali za skrini zitafifia, usishtuke. Maandishi madogo yawe meusi ya K 100, yaani wino mweusi asilimia 100 peke yake. Ukichanganya wino zote nne, sahani za kuchapia (kila wino na yake) zikipishana kidogo herufi zinaota ukungu.

pambizo7
Shukrani sana. Msimbo wa QR je, niweke?

WinoMkavu
Mimi ningeuacha. Unakula nafasi, na jina lako ndilo la kukumbukwa.

kona_mraba
Hapo sikubaliani na WinoMkavu. Upande wa nyuma haumsumbui mtu. Ufanye wa sm 2 kwa 2 au zaidi, na uzungukwe na nafasi tupu yenye upana wa vijiraba vinne vya msimbo wenyewe. Wengi huibana hiyo halafu wanalaumu simu. Usijaze ndani ya msimbo jina, simu na anwani nzima, maana vijiraba vitakuwa vingi na vidogo mno. Weka kiungo kifupi. Uwe mweusi juu ya nyeupe, kwani ukigeuzwa rangi simu nyingine hazisomi.

Halafu karatasi: gramu 350 kwa mita ya mraba inatosha. Kama utataka kuandika bei au tarehe nyuma kwa kalamu, mwambie mchapaji apige laminesheni (utando wa plastiki) mbele tu.