Kijana wangu yuko chuo cha bweni, nimeandikiwa kwamba nadaiwa PIP (fedha ya ulemavu ya serikali ya Uingereza). Naombeni ushauri

Bi_Kanga

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika kutoka Uingereza, huku Midlands, ila mimi ni mtu wa Tanga. Nina kijana wa miaka 18, ana usonji na kifafa, na maneno yake hayazidi kumi na tano. Septemba alianza chuo cha bweni cha vijana wenye ulemavu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Halmashauri ndiyo inayolipa, na chuo kimeandikwa kwenye mpango wake wa elimu, ile EHCP. Ni wiki 38 kwa mwaka. Likizo zote yuko nyumbani, halafu kila baada ya wiki mbili namfuata Ijumaa, Jumapili jioni namrudisha.

Wiki iliyopita nikakuta bahasha ya kahawia chini ya mlango. Mnaoishi huku mnajua hiyo bahasha inavyoshtua. Niliiweka juu ya friji siku mbili sijaifungua. Kufungua, ni idara ya mafao ya serikali, wanasema sehemu ya matunzo ya PIP ilitakiwa kusimama tangu tarehe 6 Oktoba kwa sababu kijana anaishi chuoni, sikuwaarifu, na hadi 30 Novemba nimelipwa £883.20 zisizo zetu. Wanazitaka.

Wallahi sikuficha kitu. Chuo kinajua, halmashauri inajua, daktari anajua, mfanyakazi wa ustawi wa jamii ndiye aliyetusaidia kupata nafasi. Nilidhani wote hao ni serikali moja, wanaambiana.

Maswali yangu: hesabu yao ni sahihi? Carer's Allowance yangu, posho ya mlezi, nayo itakwenda? Gari la Motability, lile la kukodi kwa PIP ya usafiri, watalichukua? Na dada yangu ananiambia nimwombee kijana Universal Credit (msaada wa kipato wa serikali) ya jina lake ili tuzibe pengo, inawezekana?

Niseme na hili, maana nimekuja kuomba msaada si kujipamba: katika ile PIP nilikuwa namega pauni thelathini kwa mwezi namtumia mama yangu Tanga, dawa za presha.

Kipanga_Mweusi

Mimi sijaelewa jambo moja. Mtoto mgonjwa, hasemi, unampelekaje akalale kwa watu wasiomjua? Kwetu mtoto kama huyo analelewa na mama yake mpaka mmoja azikwe. Halafu hela unataka iendelee kuingia.

MzeeWaMidlands

Kipanga, kama huna la kumsaidia mwenzio, pita kimya.

Bi Kanga, pole mwanangu. Mimi mwanangu amemaliza chuo cha aina hiyo mwaka juzi, na barua kama yako nilipata mbili. Vuta kiti.

Kwanza uijue PIP yenyewe. Ina vipande viwili visivyotegemeana. Kimoja ni cha maisha ya kila siku, ndicho unachokiita matunzo. Cha pili ni cha kutembea na kusafiri. Kijana akilala mahali ambapo fedha ya umma inamlipia malazi, chakula na uangalizi, kile cha kwanza kinasimama baada ya siku 28. Cha pili hakiguswi na chuo. Kwa hiyo gari lipo salama, mradi analipata kwa kile kiwango cha juu cha usafiri na linatumika kwa manufaa yake. Wakikutisha kuhusu gari waulize wanasoma kanuni gani.

Sasa hesabu. Tarehe 6 Oktoba wameipata kwa kuchukua 7 Septemba, siku uliyompeleka nadhani, wakahesabu siku 28 mfululizo kana kwamba kijana hajatoka geti la chuo hata mara moja. Sivyo inavyohesabiwa. Siku anayoingia chuoni haihesabiwi kuwa ya chuo, na siku anayotoka vilevile. Ukimchukua Ijumaa na kumrudisha Jumapili, siku zote tatu ni za nyumbani. Zile zinazobaki ndizo zinazojumlishwa, na kama pengo la kukaa nyumbani halizidi siku 28 jumla inaendelea pale ilipoachia.

Nipe tarehe zako zote. Unazo?

Bi_Kanga

Ninazo, Mzee wangu, kwa bahati tu. Kijana anataka kuona siku anazorudi, la sivyo halali. Nimetundika kalenda jikoni, siku za nyumbani nazipaka rangi ya chungwa, na yeye anayo pacha yake chumbani chuoni. Ndiyo, nilimpeleka Jumapili 7 Septemba. Alikuja 19 hadi 21 Septemba, kisha 3 hadi 5 Oktoba, 17 hadi 19 Oktoba. Likizo ya katikati ya muhula alikaa kuanzia Ijumaa 24 Oktoba mpaka Jumapili 2 Novemba. Halafu 14 hadi 16 Novemba, na 28 hadi 30 Novemba.

Kwa Kipanga: kaka yangu, huyu ana kilo 84 na anaanguka kifafa usiku. Mimi nina mgongo uliofanyiwa upasuaji na baba yake hayupo. Huko chuoni kuna mtu macho usiku kucha. Mwezi uliopita amejifunza kujimiminia chai bila kuungua, miaka 18 nilikuwa namimina mimi. Niachie.

MzeeWaMidlands

Hiyo kalenda ni mali. Usiitupe hata mwaka ukiisha.

Fuatana nami. Kuanzia 8 hadi 18 Septemba ni siku 11 za chuo. Kuanzia 22 Septemba hadi 2 Oktoba nyingine 11, tumefika 22. Kuanzia 6 hadi 11 Oktoba ni 6, hapo ndipo 28 zinapotimia. Kwa hiyo malipo yanasimama Jumapili 12 Oktoba, siyo tarehe 6.

Na hata baada ya kusimama, kila siku aliyo nyumbani inalipwa. Hili ndilo watu hawaambiwi. Toka 12 Oktoba hadi 30 Novemba, siku zake za chuo ni 12 hadi 16 Oktoba, siku 5. 20 hadi 23 Oktoba, siku 4. 3 hadi 13 Novemba, siku 11. 17 hadi 27 Novemba, siku 11. Jumla 31.

Kiwango cha juu cha matunzo mwaka wa 2025/26 ni £110.40 kwa wiki, na wao wamekukata wiki nane kamili, ndiyo ile 883.20. Gawanya 110.40 kwa saba uzidishe kwa 31, unapata kama £488.91. Deni lipo, nisikudanganye, lakini wamezidisha karibu pauni 394.

Andika kuomba uamuzi uangaliwe upya. Una mwezi mmoja tangu tarehe iliyo juu ya barua, tarehe iliyochapwa, siyo siku uliyoacha kuiogopa juu ya friji. Ambatanisha tarehe zote na omba chuo kikupe barua yenye siku alizolala kwao. Wakikataa, bado kuna baraza huru la rufaa. Kinachobaki kuwa deni wapigie waambie unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, wanakubali mafungu.

Kuhusu mama Tanga nasema kwa upole. Wewe ni mteule wa mafao ya kijana, yaani unayapokea kwa niaba yake, siyo? Basi hela ile ni yake, na kazi ya mteule ni kuitumia kwa ajili yake. Dawa za bibi toa mfukoni mwako, hata kama mfuko huo ni huohuo umekaa kwenye akaunti nyingine. Mfungulie kijana akaunti yake, PIP iingie humo, na risiti zikae kwenye bahasha.

Nesi_wa_Usiku

Mzee kamaliza PIP, mimi niguse Carer's Allowance maana iliwahi kuniunguza.

Dada, Carer's inasimama juu ya mgongo wa PIP ya matunzo. Ile ikisimama, hii inaanguka nayo. Wapigie KESHO asubuhi uwaambie, usingoje wakuandikie, maana hawa ni dawati jingine kabisa na wao pia hawaambiwi na wenzao. £83.30 kwa wiki (kiwango cha 2025/26) inarundikana haraka.

Wikendi haitakuokoa. Wiki yao inaanza Jumapili inaishia Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi zako zinaangukia wiki moja na Jumapili inaangukia nyingine, na unahitaji saa 35 za kumtunza ndani ya wiki moja. Ila ile likizo ya Oktoba: Jumapili 26 Oktoba mpaka Jumamosi 1 Novemba alikuwa nyumbani wiki nzima. Hiyo idai. Krismasi idai. Pasaka idai. Kiangazi chote.

Tena kiangazi kina jambo lake. Akikaa nyumbani zaidi ya siku 28, akirudi Septemba hesabu ya 28 inaanza upya kutoka sifuri, analipwa tena mwanzo wa mwaka wa masomo. Wengi wanaliacha hilo lipite.

Kijana_wa_Bagamoyo

Wakuu nafuatilia toka Dar. Kumbe huko kuna mpaka hela ya siku? Huku kwetu vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu kama Yombo vipo, ila mambo ya kulipwa ukiwa chuoni sahau. Msaada mkubwa ni ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa watu wenye ulemavu, nayo ni mkopo unarudisha.

MzeeWaMidlands

Fungua uzi wako kijana, nitakuja. Huu tumalize wa mama.

Binti_Malindi

Swali la Universal Credit nalijua kwa sababu nilichelewa mimi mwenyewe, na kuchelewa kwangu kumetugharimu mwaka.

Kijana anayesoma kwa muda wote kwa kawaida haruhusiwi kuidai. Mwenye ulemavu anaruhusiwa kama anapata PIP NA kama serikali ilishaamua kwamba uwezo wake wa kufanya kazi ni mdogo KABLA hajaanza masomo hayo. Kanuni ya kutaka uamuzi utangulie ilikazwa Desemba 2021. Wa kwako ameshaanza kozi, kwa hiyo sasa hivi mlango huo umefungwa. Wenye vijana wanaomaliza shule Julai mnaosoma hapa: waombeeni tathmini hiyo ya uwezo wa kufanya kazi kabla Septemba haijafika, msifanye kama sisi.

Mlango mwingine unakuja 1 Septemba baada ya kutimiza miaka 19. Hapo hahesabiwi tena kama mtoto kwenye Universal Credit ya mzazi, na kwa kozi isiyo ya ngazi ya chuo kikuu anaweza kuomba kwa jina lake. Kabla hujabonyeza chochote piga hesabu ya nyumba nzima. Yeye akianza kupata ya kwake, Child Benefit yake, ile posho ya mtoto anayolipwa mzazi, inakoma kwako. Kwetu tulitoka na faida. Jirani yangu alitoka na hasara, na kurudi nyuma ilikuwa shida.

Na la mwisho, hujauliza ila nakuonya. Kwenye kikao cha mapitio ya mwaka ya EHCP sikiliza vizuri ni nani analipia kulala. Kwa sasa ni elimu, ndani ya EHCP, na kijana hachangii hata senti. Halmashauri wakijaribu kusema masomo ni ya mchana tu, usiku ni huduma ya jamii, usiitikie kichwa. Huduma ya jamii kwa mtu mzima inapimwa kipato, wanaweza kumtaka achangie kutoka kwenye mafao yake. Ile habari ya chai aliyojimiminia na hatua zake za jioni, kuoga, kulala, kuamka, dai iandikwe kwenye mpango kama mafunzo. Ndiyo elimu yake hiyo. Wakikataa kwa maandishi una miezi miwili ya kukata rufaa, na SENDIASS, huduma ya ushauri kwa wazazi ya halmashauri yako, wanasaidia bure. IPSEA, shirika la hisani la ushauri wa sheria za elimu hiyo, pia.

Shemeji_Coventry

Samahani naingilia. Mke wangu na mimi viza zetu zimeandikwa hatuna haki ya fedha za umma. Binti yetu ana miaka 17, ana pasi ya Uingereza, anatumia kiti cha magurudumu. Ina maana hata tusiguse?

Nesi_wa_Usiku

Shemeji, ninyi msiombe kwa majina yenu. Yeye ni raia, PIP ni yake kwa haki yake, wewe unaweza kuwa mteule tu wa kumsimamia kama hawezi mwenyewe. Angalieni pia kama ameishi hapa wiki 104 katika 156 zilizopita. EHCP siyo fedha za umma kwa maana ya viza, hiyo hata wewe iombe bila hofu. Ila kabla ya yote mwone mwanasheria wa uhamiaji, siyo fundi wa fomu wa mtaani.

Bi_Kanga

Narudi kuwapa habari. Nimepiga simu Carer's, nikakaa kwenye muziki wao dakika 50, wameandika. Barua ya PIP nimeipeleka posta kwa kusaini, na picha ya kalenda ndani yake. Chuo kilinipa siku zake jana, zimelingana na zangu isipokuwa 24 Oktoba. Wao wameandika alilala kwao, mimi nilikuwa naye garini saa kumi na moja jioni tunakula mihogo ya kukaanga. Nimewarudishia warekebishe.

Akaunti ya kijana nimefungua. Mama nimemwambia, akacheka, akasema dawa zake kaka yangu atanunua.

Leo ni Alhamisi. Kesho ni chungwa.