Naomba ushauri: Je, neema ya Mungu hupimwa kwa wingi wa imani ya anayeiomba?

Mama Watatu (mleta uzi)
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi, Mlutheri kwa ubatizo na kwa kipaimara, ingawa kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikihudhuria pia maombi ya katikati ya juma katika huduma moja ambayo sitaitaja. Swali langu ni la mafundisho. Tangu utotoni nimeikariri Waefeso 2:8, "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani," na sikuwahi kuona ugumu ndani yake. Sasa nafundishwa kwamba neema ni maji yaliyojaa kwenye tangi na imani ndiyo koki: ukifungua kidogo utapata matone, ukifungua yote utapata mafuriko. Kama ni hivyo, mtu afanye nini ili imani yake itimie? Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka, na bado naambiwa kwamba nina mashaka moyoni. Silali usiku. Naomba wenye ujuzi wa Maandiko wanisaidie kabla ya Jumapili.

Mwinjilisti Mstaafu
Mama, shalom. Uliyojifunza kwenye kipaimara yanatosha kukujibu. Katika Katekisimu Ndogo, kile kitabu cha mafundisho ya kipaimara cha mwaka 1529, Martin Luther anapoeleza sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, anaanza kwa kukiri kwamba hawezi kumwamini Yesu Kristo kwa akili wala kwa nguvu zake mwenyewe, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Maana yake ni kwamba hata hiyo koki si mali yako. Soma aya yako hadi mwisho: "ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Imani ni mkono mtupu wa mwombaji, na thamani yote imo katika kile kinachowekwa mkononi. Luther alipofariki Februari 1546, karatasi yake ya mwisho ilikuwa na maneno kwamba sisi ni ombaomba, na hiyo ndiyo kweli.

Mwanaparokia
Tumsifu Yesu Kristo. Namheshimu mzee aliyetangulia, lakini asiishie kwa Paulo tu. Mtume Yakobo anasema waziwazi, "Mwaona kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulifundisha kwamba imani ni mwanzo wa wokovu, msingi na shina la kuhesabiwa haki, na shina lisilotoa matawi halijawa mti. Ukifika kwenye sakramenti kwa moyo mnyofu, neema unaipokea. Hakuna padre anayesimama mlangoni kukupima kiasi cha hisia zako.

Mwinjilisti Mstaafu
Ndugu yangu, neno "peke yake" limetugombanisha tangu Luther alipoliweka kwenye Warumi 3:28 katika tafsiri yake ya mwaka 1522. Hata hivyo, tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, katika kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa sababu ya stahili yoyote iliyo ndani yetu. Matendo hufuata kama matunda. Hapo mimi nawe hatuna ugomvi.

Muuguzi wa Zamu
Wazee wangu, shikamooni. Mmetupeleka mwaka 1547 na kuturudisha 1999, na mimi najifunza, lakini mama ameandika "kabla ya Jumapili" na hakuna aliyemuuliza. Dada, Jumapili kuna nini?

Mama Watatu
Ni ushuhuda tu. Nimeandikisha jina langu kwenye orodha ya watakaoshuhudia mbele ya kusanyiko. Naomba turudi kwenye swali la imani.

Muuguzi wa Zamu
Ushuhuda wa nini, dada yangu? Nani amepona?

Mjukuu wa Kagera
Wakati tukisubiri jibu, niseme kuhusu bibi yangu, aliyeokoka katika ule Uamsho, wimbi la watu kutubu na kuokoka, ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kufika kwetu Bukoba. Walikuwa na desturi ya kuungama dhambi zao hadharani, na bibi aliungama hadi vikombe alivyowahi kuchukua kwa jirani. Lakini alipoumwa malaria alimeza klorokwini huku akisali, na mtu alipomwuliza kwa nini asitegemee damu ya Yesu, alijibu kwamba damu ya Yesu aliihitaji kwa ajili ya dhambi zake, nayo dawa aliihitaji kwa ajili ya homa, na vyote viwili alivipokea kwa shukrani. Sijasoma theolojia, lakini hadi leo sijapata jibu lililo bora kuliko hilo.

Mama Watatu
Sikutaka kuliandika hili kwa sababu nilijua nitahukumiwa. Mwanangu wa pekee ana kifafa. Ana miaka saba na anatumia dawa tangu akiwa na miaka minne. Mtumishi wa ile huduma ya maombi aliniambia kwamba kila kidonge ninachompa ni hati ninayoitia saini kwamba simwamini Mungu, na ndiyo sababu neema inafika mlangoni na kurudi. Kwa siku tisa sasa nimeacha kumpa dozi ya asubuhi, nabakiza ya jioni tu. Jumapili natakiwa nizipeleke dawa zote madhabahuni zikateketezwe. Tafadhali mnielewe: sijaacha kabisa. Katika siku hizo tisa ameanguka mara moja tu, na si vibaya. Baba yake yuko safarini na sijamwambia, kwa kuwa yeye si mtu wa maombi na angevuruga. Nimefanya haya kwa upendo.

Muuguzi wa Zamu
Upendo wako siutilii shaka hata kidogo. Lakini nisikilize kama mtu aliyewashika watoto wa namna hiyo mikononi. Dawa za kifafa zikipunguzwa au kukatwa ghafla bila maelekezo, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko awali na likakataa kukoma. Likizidi dakika 5 ni dharura, mtoto akimbizwe hospitali. Usimrundikie dozi alizozikosa. Piga simu kliniki anakotibiwa, leo hii, waeleze ukweli wote, wao watakuelekeza namna ya kumrudisha kwenye dozi yake. Theolojia itaendelea kesho.

Mkaa na Neno
Kinamama mmezidi kutangatanga. Mtu ana usharika wake, ana mchungaji aliyembatiza, anaacha kwenda kumwuliza na badala yake anakimbilia kwenye maji na mafuta. Mungu haabudiwi kwa kuhamahama.

Mama Watatu
Mchungaji wangu ana sharika ndogo nyingi za kuhudumia, nami namwona mara moja kwa mwezi. Huyu mwingine alikuja nyumbani kwangu usiku wa manane mwanangu alipokuwa akitokwa na povu, akapiga magoti sakafuni pamoja nami. Ni rahisi kuniambia nimetangatanga.

Mpekuzi
Wadau, mniwie radhi, lakini kwa lugha ya humu ndani hii ni chai, yaani hadithi ya kutunga. Mleta uzi alijitambulisha kuwa mama wa watoto watatu. Sasa mgonjwa ni "mwanangu wa pekee". Aliuliza swali la mafundisho kwa Kiswahili kilichonyooka kama kitabu, akanukuu Waefeso bila kukosea, kisha tunaambiwa kwamba mtu huyohuyo hawezi kutambua kwamba neema inayonunuliwa kwa vidonge si neema. Ama ni mwanafunzi wa chuo cha theolojia anayetafuta majibu ya kazi yake, ama ni mtu aliyekusudia kuyachafua makanisa ya kiroho.

Mwanaparokia
Nami nilianza kujiuliza hivyo hivyo, hasa kuhusu hilo la watoto.

Mjukuu wa Kagera
Hata kama ni hadithi, mimi namfahamu mtu aliyezitupa dawa zake za kisukari kwa maneno kama hayo, naye hayupo tena kuandika uzi. Kwa hiyo endeleeni kujibu.

Mama Watatu
Nina mabinti wawili na mvulana mmoja. Niliandika "wa pekee" nikimaanisha wa kiume. Niliandika huku nikilia na sikurudia kusoma. Kuhusu kuijua aya kwa moyo, ndugu Mpekuzi, mtu anaweza kuijua aya miaka thelathini na usiku mmoja, mtoto akiwa ameanguka sakafuni, akaisikia inasomwa kwa sauti nyingine na kuamini kwamba hajawahi kuielewa. Ninyi mnajadili imani inayookoa roho. Mimi naulizia imani inayomfanya mtoto asianguke karibu na jiko.

Mwinjilisti Mstaafu
Mwanangu, nisamehe kwa kukujibu awali kama mtu aliye darasani. Fungua Mathayo 17. Baba mmoja anapiga magoti na kusema, "Bwana, umrehemu mwanangu, kwa kuwa ana kifafa, na kuteswa vibaya, maana mara nyingi huanguka motoni, na mara nyingi majini." Ni mtoto wako huyo, na ni jiko lako hilo. Wanafunzi walishindwa kumponya. Walipouliza kwa nini, Yesu aliwajibu, "Kwa sababu ya upungufu wa imani yenu." Tazama aliwaambia nani: watumishi walioombea wakashindwa. Mzazi hakuambiwa neno hilo. Katika Marko 9 mzazi yule anakiri kwa machozi, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Bwana hakumrudisha nyumbani akafunge kwanza hadi mashaka yaishe. Mtoto aliponywa siku ileile, baba akiwa bado na mashaka yake. Mtumishi anayeuchukua upungufu wa waombeaji na kumbebesha mama ameisoma sura hiyo kinyumenyume. Nayo Marko 2 inasema kuhusu yule aliyepooza kwamba Yesu aliiona imani "yao", yaani ya wale waliombeba. Mwanao anabebwa na wewe unapompeleka kliniki, kama anavyobebwa unapopiga magoti.

Mpekuzi
Bado simulizi hii inanitia wasiwasi, na sitasema vinginevyo. Lakini kama mtoto yupo, hoja ya mzee inatosha, na Jumapili asiende na dawa hizo.

Muuguzi wa Zamu
Dada, umepiga simu?

Mama Watatu
Nimepiga. Wamenielekeza dozi ya leo na wamesema nimlete kesho saa mbili asubuhi. Baba yake pia nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atapanda basi la usiku. Jina langu bado limo kwenye orodha ya Jumapili na sijajua nitamwambiaje mtumishi, kwa sababu usiku ule alikuja kweli, na wengine hawakuja. Mzee, ile sura nimeisoma mara mbili. Dawa nilikuwa nimezificha kwenye debe la unga; nimezitoa, nimezipangusa na kuzirudisha juu ya kabati. Dozi ya jioni ameimeza. Amelala.