Kuacha mchezo au kubaki nao: Studd na Sheppard, nani wa kufuatwa?

Mwana_wa_Mchungaji: Wakuu, shalom. Mdogo wangu kapata nafasi chuo cha theolojia na bado anachezea timu ya mkoa. Mzee anamwambia achague: madhabahu au uwanja. Nimesoma habari za Waingereza wawili wa kriketi. C.T. Studd aliacha mchezo akawa mmisionari. David Sheppard alikuwa kasisi akiwa bado anacheza, baadaye askofu wa Kianglikana. Nimwelekeze kwa nani?

Mjukuu_wa_Ibambi: Kwangu ni Studd. Mwaka 1882 pale uwanja wa Oval, London, Uingereza ilipofungwa na Australia kwa mbio 7 (mbio ndiyo pointi za kriketi), yeye alibaki amesimama na gongo lake mkononi bila kurushiwa hata mpira mmoja. Mwaka 1885 akaenda China, urithi wa baba yake akaugawa. Mwaka 1913 akaja kwetu Kongo, akafia Ibambi 1931. Agano Jipya alilitafsiri kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo, lugha ya bibi yangu. Huyo alijitoa mzima.

Mama Neema: Mwanangu, kijana aelezwe na upande wa mkewe. Priscilla alibaki Uingereza akihangaikia kazi ya misheni. Kongo alifika mara moja tu, 1928, kwa muda mfupi, na mwaka uliofuata akafariki. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Mdaka_Mpira: Mimi niko na Sheppard. Aliwekwa wakfu kanisani 1955, na mwaka uliofuata akaitwa timu ya taifa, akapiga mbio 113 dhidi ya Australia pale Old Trafford, uwanja wa kriketi wa Manchester. Ziara ya Australia ya 1962-63, huko Melbourne, mzunguko wa kwanza (zamu ya kwanza ya timu yake kupiga) alitolewa bila mbio hata moja, na mikono ikadondosha mipira ya kudaka. Mzunguko wa pili akapiga 113 tena, Uingereza ikashinda.

Lakini kinachonigusa zaidi ni mwaka 1960, alipokataa hadharani kucheza na timu ya Afrika Kusini, ya weupe watupu. Mwaka 1970 akaongoza kampeni ya kupinga ziara yao, na ziara ikafutwa. Mtu aliyewahi kuwa nahodha wa Uingereza akisema "sichezi", wenye kriketi wanasikia. Kasisi asiyejua gongo wangemwambia arudi kanisani kwake.

Halafu akawa askofu wa Liverpool, 1975 hadi 1997, mji ambao Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa hawaivi chungu kimoja. Yeye na Askofu Mkuu Mkatoliki, Derek Worlock, wakawa wanasimama pamoja kuwatetea wasio na ajira.

Mwana_wa_Mchungaji: Nimemsomea mdogo wangu yote. Kauliza: Sheppard akiwa ziarani, watu wake walibaki na nani?

Mdaka_Mpira: Kauliza vizuri. Wakati huo alikuwa akiongoza kituo cha Mayflower, mtaa wa makuli wa Canning Town, London. Aliomba ruhusa, wenzake wakashika kazi. Mdogo wako naye aulize chuoni ratiba ya Jumapili kabla hajaahidi chochote kwa kocha.

Mama Neema: Na mzee wenu awepo siku hiyo, asikie mwenyewe.