Neno "kuboresha" limenichosha, nisaidieni mengine

Afisa ugani, Lushoto
Habari za jioni wapendwa. Naandaa karatasi ya kubandika ofisi ya kijiji, inahusu mboji na samadi. Nimeisoma tena nikakuta "boresha" imo mara saba: mboji inaboresha udongo, inaboresha mazao, inaboresha kipato, inaboresha afya ya familia. Nikamsomea mama mmoja anayelima kabichi na karoti mteremkoni, pale ambapo kila masika mvua inaondoka na udongo wa juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, shamba langu limechoka. Hiyo mboji italirudishia nguvu?"

Ndicho nilichokuwa namweleza muda wote ule! Boresha si kosa, imetoka kwenye "bora", lakini haimwambii mkulima ni kitu gani kitabadilika shambani kwake. Ninyi mnasemaje?

Mwalimu mstaafu, Tanga
Dada, huyo mama kakupa kichwa cha habari, kichukue kama kilivyo. Udongo hurutubishwa. Rutuba kwa asili yake ya Kiarabu ni unyevu, na mboji kazi yake mojawapo ni kushika maji, kwa hiyo neno limekaa mahali pake. Mimea hustawi, majani hunawiri. Kipato huongezeka, andika hivyo hivyo.

Ila chunga vitenzi. Wengi wanaandika "mradi utafaidi wakulima". Anayefaidi ni yule anayepata, kwa hiyo hapo mradi ndio unaokula matunda ya wakulima! Sema "utawafaidisha", au "watafaidika nao". Kunufaika na kunufaisha ni vivyo hivyo.

Nesi, wodi ya wanaume
Shikamoo mwalimu. Kwetu wodini maneno haya yana uzito wake. Siku moja nilimwambia ndugu wa mgonjwa kwa simu, "amepata nafuu". Kesho yake akaja na nguo safi na viatu vya mgonjwa, kamkodia na gari la kumrudisha nyumbani. Mgonjwa bado alikuwa na dripu. Iliniuma kumwona anazikunja zile nguo na kuzirudisha kwenye mfuko. Tangu siku ile naeleza hatua kwa hatua: leo afadhali kuliko jana, homa imeshuka, amekunywa uji, lakini hajapona. Nafuu na ahueni ni njiani. Kupona ni kufika. Dada, na wewe usimwahidi mkulima kwamba shamba "litapona" msimu mmoja.

Mzee wa Mombasa
Marahaba kwa niaba ya mwalimu, kama ataniruhusu. Sisi huku husema "mgonjwa hajambo kidogo", na mtu akaelewa kwamba hali imegeuka lakini asiache dua.

Neno ninalolipenda mimi ni kufaa. "Dawa hii inafaa" ni kwamba ni ya maradhi hayo. "Dawa hii imemfaa" ni kwamba kainywa na ameiona kazi yake. Ni hiyo -m- iliyoongezeka, na -na- ikawa -me-. Ndiyo maana wazee walisema *akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*. Yule ni rafiki aliyekuwapo siku yenyewe, wala hawakusema anayefaa. Binti yangu, muulize mkulima aliyekwisha kutumia mboji kama imemfaa, uandike jibu lake.

Afisa ugani, Lushoto
Shikamooni wazee wangu, na asante sana nesi, umeniokoa, maana nilikuwa nimeandika "huponya udongo". Nimefuta. Juu sasa pameandikwa: "Shamba lako limechoka? Mboji hulirudishia nguvu kidogo kidogo." Chini nimeeleza kwamba hurutubisha udongo na kushika maji, na kwamba msimu wa kwanza utaona afadhali tu. Boresha haimo hata moja. Jumatatu naenda kwa jirani ya yule mama, ana msimu wa pili akitumia mboji, nikamuulize kama imemfaa.