Kisu cha babu cha enzi za Keya: nikisafishe, nikitumie au nikiache na kutu yake?

Mtoto wa Korogwe

Wakuu habari za jioni. Nna swali linanisumbua wiki ya pili sasa na huku mtaani hakuna wa kumuuliza maana kila mtu ni mtaalamu.

Babu mzaa baba alifariki miaka mingi tu ila sanduku lake la bati lilikuwa limekaa kwa shangazi uvunguni, juzi tunahamisha vitu ndo likafunguliwa. Ndani makaratasi yameliwa na mchwa, vifungo vya shaba, na kisu cha kukunja kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, alipigana Burma vita ya pili ya dunia, hilo tunalijua toka wadogo maana mvua ikinyesha kubwa alikuwa anasema hii sio mvua, mvua niliiacha Burma.

Kisu chenyewe ni kizito kuliko unavyokiona. Mpini mweusi kama plastiki ngumu una miraba miraba, mwishoni kuna pete ya shaba nyekundu ya kuning'inizia. Upande mmoja kuna bapa fupi nene ambalo ncha yake haijachongoka, imeinamishwa tu, pembeni kuna kifungulia kopo, alafu mgongoni kuna mwiba mrefu mnene kama penseli. Bapa halifunguki kabisa, kutu imelishika. Kifungulia kopo kinafunguka nusu kinagoma. Cha ajabu ule mwiba unatoka laini kabisa na umelainika unang'aa, kutu ya kubahatisha tu. Kwenye shina la bapa nasoma ...FFIELD na chini kitu kama mguu wa kuku.

Sasa, nikipige msasa kiwe kipya au nikiache? Kuna jamaa wa vyuma chakavu anatoa elfu 15 hapo hapo, binamu yangu anasema nikipokea nimeuza almasi. Na huo mwiba ni wa nini? Baba mdogo anasema wa kutolea mawe kwenye kwato za farasi, nikamuuliza Burma babu alikuwa na farasi? akanuna.

Mnyalu wa Reading

Mkuu usimpe huyo jamaa na USIGUSE MSASA, nakuomba. Niko huku Uingereza mwaka wa kumi na mbili na hivi visu ndo ugonjwa wangu, kila Jumapili nipo kwenye magulio ya vitu vya zamani.

Huo sio mguu wa kuku, ni mshale. Alama ya mali ya serikali ya Uingereza, kilichogongwa huo mshale kilitoka stoo ya jeshi, sio dukani. FFIELD ni Sheffield, mji wa visu miaka mingi sana huko. Angalia vizuri karibu na hapo utakuta na mwaka, vya vita ile ya pili vinakuwa 1940 na kitu. Alafu angalia kama mshale uko peke yake au una herufi, maana ukiwa ndani ya C ni cha Kanada, ukiwa katikati ya D mbili ni Australia, ukiwa ndani ya U ni Afrika Kusini. Watu wanauziwa mchanganyiko hapa wanaambiwa vyote vya Mwingereza.

Baba mdogo mwambie pole, hiyo ya farasi ni hadithi maarufu dunia nzima, hata Waingereza wenyewe wanaisimulia baa. Mwiba ni wa kamba. Mambo ya mabaharia hayo, unaufungua nao fundo lililokaza kwa mvua, au unatenganisha nyuzi za kamba nene ili uzisuke upya. Jeshi nalo lina mahema, mizigo, nyumbu wa kubebea, kila kitu kinafungwa kamba. Na ndo maana bapa halina ncha, la kukatia kamba juu ya ubao bila kujichoma au kumchoma mwenzio meli ikiyumba. Kile cha kopo hakihitaji maelezo, askari alikuwa anaishi kwa nyama ya kopo.

Ile pete unafungia kamba unaizungushia kiunoni. Askari akipoteza kisu anajibu mashtaka, so kilikuwa kimefungwa kama mbuzi.

Mzee wa Fursa

Elfu 15 kwa chuma chenye kutu na unauliza?? chukua hela, nenda Kariakoo kuna vya Mchina elfu 7 vina hadi tochi na uma. Utabaki na elfu 8 ya soda. Waafrika tunapenda kutunza mateso ya mkoloni

Dada wa Marangu

Mzee wa Fursa hicho chenye tochi nilikuwa nacho, bapa lilitoka na springi yake siku ya pili nikiwa nakata nanasi, tochi ndo ilibaki haha.

Mimi naongoza wageni kupanda mlima na natumia kisu cha jeshi kila siku ya Mungu, ila cha Uswisi. Nilipewa na mteja mzee mmoja, alikitumia jeshini kwao, alipofika kileleni akalia alafu akanipa kisu. Sio hiki chekundu mnachokijua. Watu wengi hawajui kwamba kile chekundu askari hakupewa, kile ni cha ofisa, mwenye hela yake anajinunulia. Cha askari wa kawaida kuanzia 1961 kilikuwa cha rangi ya fedha, mpini wa aluminiamu una vidutu vidutu, ngao ndogo yenye msalaba, urefu milimita 93 na vitu vinne tu: bapa, kifungulia kopo, kifungulia chupa chenye bisibisi na kitobolea. Kwenye shina la bapa kuna namba mbili za mwaka, changu kina 74.

Na kichekesho mzee alinisimulia nikaja kukisoma kweli kipo, kisu cha kwanza kabisa cha askari wa Uswisi cha modeli ya 1890 kilitengenezwa Ujerumani! Jeshi lilikuwa limeingiza bunduki mpya ya 1889 ambayo askari anaifungua kwa bisibisi, na chakula cha kopo nacho kimeingia, wakataka kifaa kimoja kifanye yote, ila Uswisi hakukuwa na kiwanda cha kutoa visu elfu 15 kwa mpigo, oda ikaenda Solingen. Fundi wao mmoja wa Ibach, Karl Elsener, ikamuuma, akaingia kwenye hiyo kazi 1891, nusura imfilisi. Huyo ndo aliyeanzisha hii inayoitwa Victorinox, Victoria ni jina la mama yake. Kile cha ofisa alikisajili 1897.

Sasa pointi yangu ni hii mdogo wangu, kitumie. Changu nakatia parachichi, nakazia skrubu za jiko la kambini, nakatia plasta ya malengelenge ya wazungu, miaka sita hakijawahi kunidai kitu zaidi ya tone la mafuta. Kisu cha jeshi kilitengenezwa kitumike na mtu mwenye mikono michafu, kukiweka kabatini ni kukionea.

Fundi Bila Haraka

Shikamoo kwa wakubwa. Dada wa Marangu cha kwako kiko sawa kutumika maana ni stenlesi na springi nzima. Cha huyu kijana ni chuma cha kaboni kimelala na kutu miaka, akikilazimisha leo anavunja kijishimo cha kucha, pale pa kulifungulia bapa kwa ukucha, au bapa lenyewe. Ngoja nimuelekeze alafu akitumie akitaka.

Kijana chukua chupa ya plastiki kata juu, tia mafuta ya taa, tumbukiza kile kichwa chenye maungio kiloweke siku mbili, tatu sio mbaya. Usitumie thina kabisa, ile plastiki ya zamani itageuka ugali. Kikitoka usishike koleo. Chukua kipande cha mwanzi ukichonge kiwe bapa, ingiza kwenye kijishimo cha kucha sukuma taratibu, kikigoma rudisha kwenye mafuta, kesho pia ni siku. Kikianza kutembea hata milimita moja fungua funga fungua funga, utaona uji mwekundu unatoka, huo ndo kutu. Futa, mswaki wa zamani ingiza kwenye mfereji wa ndani, rudia mpaka utoke msafi. Mwisho mafuta ya cherehani tone moja kwenye kila maungio. Sio mafuta ya kupikia jamani, yale yanaganda yanakuwa gundi.

Kutu ni nyekundu, hiyo inakula, itoe kwa waya laini wa sufuria wenye mafuta, kidogo kidogo. Lakini ule weusi weusi wa kijivu UACHE, huo ni ngozi ya chuma, unakikinga.

Mtu wa Kisauni

Mie huku Mombasa chumvi ya bahari inakula hata bawaba ya mlango, na sie hutia ndimu. Usiku mmoja tu kutu yote kwisha.

Fundi Bila Haraka

Ndimu inatoa kutu na inatafuna chuma pia ndugu yangu, haichagui. Kwa panga sawa. Kwa kitu chenye maandishi ya kugongwa ukikilaza na ndimu usiku mzima asubuhi mshale umepungua. Kama lazima basi dakika kumi, suuza, kausha juani, mafuta.

Na nimalizie la kunoa maana hapo ndo wengi wanaua. Usimpe mtu mwenye grenda. Naongea nikiwa na aibu maana mimi mwenyewe nilifanya, kisu cha marehemu baba, nilikuwa kijana najua kila kitu, nikawasha jiwe nikanoa kama panga, cheche zinatoka najiona fundi. Bapa likapata rangi ya bluu kwenye makali. Ukiona chuma kimegeuka bluu ujue joto limeshafika karibu nyuzi 300 na ule ugumu wake umekwenda, tangu siku hiyo kikikata ndizi mbili kimekuwa butu. Alafu nikasafisha shina kwa brashi la waya la mashine ling'ae, mwaka ukafutika. Baba alikuwa ananiambia kisu kile kimenizidi umri miaka kadhaa, sasa hata nikitaka kuhesabu siwezi.

Kinoo cha mkono, maji, upande huu mara kumi upande ule mara kumi. Basi.

Mtu wa Kisauni

Nimekuelewa fundi, ndimu nitaachia samaki.

Kijana wa Korogwe, kwa vile wasema Burma, hebu tazama kama kuna picha au kitambaa chenye kichwa cha kifaru. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki alama yao ilikuwa kifaru, hao ndo walioshuka bonde la Kabaw 1944 kwenye masika ya huko, matope hadi kiunoni na malaria, mpaka wakafika mto Chindwin mwezi wa Disemba. Bwana mkubwa wa kwetu alikuwa huko, na yeye mvua ilikuwa haimfurahishi hata kidogo.

Mnyalu wa Reading

Hapo kwenye matope ndo mwiba ulikuwa na kazi, kamba ikilowa na kukauka mara tatu hata meno hayafungui.

Ila kuna kitu kinanishangaza kwenye maelezo ya kijana. Mimi ninavyo kama kumi na moja vya hivi, na karibu vyote bapa ndo limechoka kwa kunolewa na mwiba uko kama ulivyotoka kiwandani, raia akirudi kwao anautumia wa nini? Chako ni kinyume. Bapa limeganda na mwiba umelainika. Baada ya jeshi huyu mzee alikuwa anafanya kazi gani?

Kwa bei nisikudanganye, sio almasi, vilitengenezwa vingi mno, mimi huwa natoa pauni 15 hadi 25 nikiwa nimechangamka. Na ukija huku nacho weka kwenye begi la chini la ndege, sio la mkononi. Kutembea nacho huku ruksa maana hakijifungi na bapa halizidi inchi 3. Kile kipya cha askari wa Uswisi cha 2008 kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga, kile ukidakwa nacho barabarani bila sababu ya maana una kesi.

Mzee wa Fursa

pauni 25 ni kama elfu 80 hivi. Kijana nakupa elfu 40 cash usimwambie mtu

Mtoto wa Korogwe

Hahaha Mzee wa Fursa kumbe mateso ya mkoloni unayapenda.

Wakuu mrejesho. Nililoweka siku nne sio mbili maana nilikuwa naogopa. Jana usiku bapa limetembea, leo asubuhi limefunguka lote na likapiga ule mlio wa springi, tak, nikaita watu. Mshale uko peke yake, mwaka ni 1943. Makali hayajaguswa kabisa, nadhani mzee hakuwahi kulinoa. Kifaru sijakiona, mchwa hawakubakiza kitu.

Kuhusu swali la Mnyalu nikampelekea shangazi kisu, nikamuuliza babu alikuwa anakifanyia nini. Akacheka kwanza. Akasema babu yako alikuwa anawamba vitanda. Kijiji kizima kitanda cha kamba kikilegea kinaletwa kwake, anakalia kigoda, ule mwiba anafungulia mafundo ya zamani, anaupenyeza kwenye kamba anavuta mpaka kitanda kinalia kama ngoma. Bapa alikuwa hataki liguswe, kukata kamba alikuwa anatumia panga. Na alikuwa haruhusu mtoto ashike kile kisu ila shangazi peke yake, alikuwa anamshikia ncha ya kamba.

Kwa hiyo kisu nimekirudisha kwake, kakifunga na kamba ya katani kwenye ile pete ya shaba kakining'iniza msumarini jikoni. Ila kuna kitanda kimoja cha babu kipo stoo kamba zimekatika, Fundi Bila Haraka unajua kuwamba au nitafute mtu?